Ukuta Haukatiwi Rufaa

Katika nyumba ya Mwalimu Wekoye, kuku hakuliwa kabla ukuta haujasema.

Desturi hiyo hakuirithi kwa baba yake. Aliitoa shule ya bweni, ile iliyo chini ya mlima, alikoingia akiwa na miaka kumi na minne, sanduku la bati begani, akatoka akiwa kapteni wa bwalo, mwenye sauti iliyonyamazisha wavulana mia nne bila kupazwa. Enzi hizo meza moja ilikuwa ya wavulana kumi, na kila meza iliwekewa ugali mmoja kwenye sinia. Kapteni wa meza aliukata vipande kumi kwa ubapa wa kijiko. Lakini hakuna mkono wa binadamu uliowahi kukata vipande kumi vilivyo sawa, hasa kwa ugali wa shule, ambao ulikuwa jiwe upande mmoja na uji upande wa pili. Kwa hiyo mvulana mmoja alisimama, akaupa ukuta uso na meza mgongo. Kapteni alikigusa kipande akauliza, "Hiki cha nani?" Yule wa ukutani, asiyeona kitu, akataja jina. Aliyetajwa alichukua chake. Aliyenuna aliambiwa maneno matatu tu, akayameza pamoja na tonge: ukuta haukatiwi rufaa.

Mwalimu aliileta sheria hiyo nyumbani kwake, shambani karibu na Kiminini, akawalea nayo wanawe wawili, Edinah na Nyongesa. Kuku alipopikwa, mmoja wao alitazama ukuta na mwingine akagusa vipande. Firigisi pekee ndiyo haikuingia katika mgao. Hiyo ilikuwa ya mwenye nyumba, kwa mila, na Mwalimu hakuona mgongano wowote kati ya mila hiyo na ukuta wake.

Sasa alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa amestaafu unaibu wa mwalimu mkuu huku viatu vyake vingali vinang'aa kama siku ya paredi, na imani yake ilikuwa ile ile aliyotoka nayo bweni: mtu hula alichokitolea jasho. Ndiyo maana habari aliyoileta Nyongesa Jumapili moja baada ya ibada ilimkwama kooni.

Nyongesa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Bungoma, mwenye kibanda si mbali na reli. Lango la chuma la hapo nyumbani, lenye namba 31 iliyokatwa kwa ustadi katikati, lilikuwa kazi ya mikono yake. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa kiti, chai ikapoa mbele yake, kisha akasema kwamba jina lake limetoka katika bahati nasibu ya Grinkadi. Ameitwa kwa mahojiano Nairobi. Akipita hapo, yeye na zana zake watakuwa wakaazi wa kudumu wa Marekani.

Mama yake, Jelagat, aliweka birika chini akapiga kigelegele. Kilikatika katikati alipouona uso wa mumewe.

"Na dada yako?" Mwalimu aliuliza.

"Edinah hakutoka, Baba."

Hapo ndipo palipouma. Edinah alikuwa muuguzi mjini Bungoma, msichana aliyeongoza darasa tangu la kwanza hadi kidato cha nne. Fomu hiyo ya Grinkadi alikuwa ameijaza miaka sita mfululizo. Ile ya mdogo wake aliijaza yeye mwenyewe, mara moja tu, Oktoba iliyopita, tena kwa mzaha. Alitundika shuka jeupe mlangoni, akajipiga picha kwa simu, kisha akamsukuma Nyongesa mbele ya shuka lile lile, kola ingali na masizi. Fomu mbili zilikwenda katika saa moja. Mwezi wa Mei, moja ikarudi na jibu.

Mwalimu alitaka kujua ni sifa gani zilizopimwa. Nyongesa akaeleza kwamba ukishafika kidato cha nne, basi, hakuna kinachopimwa tena. Majina yanachotwa.

"Yanachotwa na nani?"

"Kompyuta, Baba. Haijui mtu."

Nyongesa alikuwa amekuja kuchukua cheti chake halisi cha shule, maana bila hicho hakuna mahojiano. Vyeti vyote vya nyumba hiyo vililala ndani ya lile sanduku la bati la bweni, lenye namba ya usajili ya Mwalimu kwa rangi nyeupe, na ufunguo ulining'inia katika mnyororo wa saa yake. Mwalimu alisema cheti hakitatoka siku hiyo. Alihitaji kufikiri. Nyongesa alijibu kwa upole kwamba zimebaki wiki tatu, kisha akainuka kwenda zake, kwa kuwa katika nyumba ile hoja ya baba haikujibiwa mara mbili.

Alipokwisha kuondoka, Jelagat alikusanya vikombe kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," alisema, "mtoto ameokota, na wewe unataka kumpiga kwa sababu aliinama?"

Mwalimu alimweleza, kwa sentensi zilizonyooka kama safu za mahindi, kwamba hana ugomvi na mtoto. Ugomvi wake ulikuwa na utaratibu wenyewe. Taifa linalogawa makao kwa kuchota majina, alisema, halina tofauti na shule inayompata mwanafunzi bora kwa kurusha shilingi. Bidii ya Edinah imewekwa kwenye mzani mmoja na mzaha wa Nyongesa, na mzani wenyewe umefumbwa macho. Kama hiyo ndiyo haki, basi yeye alikuwa amewachapa watoto wa watu miaka thelathini na mitano bure.

"Pengine uliwachapa bure," Jelagat alisema, akaenda jikoni.

Jumatatu asubuhi Mwalimu aliketi mezani akaandika barua. Aliiandika kwa Kiingereza cha daraja la kwanza, kwa wino mweusi, kwenda kwa maofisa wa ubalozi. Aliwashukuru kwa ukarimu wao, akawajulisha kwamba katika familia yake umetokea mkanganyiko usiofaa, akaomba nafasi iliyomwangukia mwanawe ihamishiwe kwa binti yake, ambaye ndiye aliyestahili. Kwa kuwa hakuwahi kuandika nusu ya ukweli, alieleza pia kwamba kijana hakuwahi kuongoza darasa lolote, na kwamba katika kidato cha pili alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kuruka ua kwenda kutazama mpira. Aliisoma mara tatu. Hakukuwa na kosa hata la nukta. Akaitia katika bahasha kubwa ya kaki, akaandika anwani, na Jumatano akashika njia ya Bungoma kuchukua nakala za vyeti vya Edinah za kuambatisha.

Edinah alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Alimkaribisha baba yake katika chumba chake cha kupanga, akamtilia chai ya maziwa, kisha akaisoma barua akiwa amesimama, kwa uso ule ule anaosomea faili ya mgonjwa.

"Baba, hii umeshaituma?"

"Bado. Inasubiri nakala zako."

"Asante Mungu." Akavuta kiti akaketi. "Umeandika hapa ati Nyongesa aliruka ua."

"Aliruka."

"Najua aliruka, si alirudi na suruali imeraruka? Lakini ofisa akisoma hivi, unafikiri ataniita mimi? Hiyo nafasi haina mlango wa dada. Atafunga faili ya Nyongesa na kuita mtu mwingine, sijui wa nchi gani. Nyumbani kwetu tutakuwa na wawili waliokosa badala ya mmoja."

Mwalimu alikiri kwamba hilo hakuliangalia. Lakini, alisema, hata kama barua haifai, hoja ingali imesimama. Haki ni kumpa kila mtu kwa kadiri ya alichokifanya. Alisema hivyo kwa sauti ya bwalo, na kikombe kikatetemeka kidogo juu ya sahani.

Edinah hakumkatiza. Alipomaliza, alimkumbusha nafasi ya usimamizi wa wadi aliyoiomba miaka mitatu iliyopita. Alifanya mtihani, akawa wa kwanza. Alifanya mahojiano, wakamsifu. Kazi ikaenda kwa mpwa wa mtu, binti ambaye hadi leo humwita Edinah amsaidie kutafuta mshipa.

"Pale nilipimwa, Baba. Tena nilipimwa vizuri. Lakini kila mwenye kupima ana mtoto wa dada yake. Hiyo kompyuta haikuuliza mimi ni wa nani, natoka wapi, namjua nani. Tangu nimalize shule, hiyo ndiyo ya kwanza kunipa mgongo kwa heshima."

Mwalimu alitazama ukuta wa chumba. Ulikuwa mtupu, isipokuwa msumari mmoja ulioshika kalenda.

"Tulipokuwa wadogo," Edinah aliendelea, "nikipata kichwa cha kuku na Nyongesa apate paja, na mimi ndiye nimemshika huyo kuku, nimemchinjisha, nimemnyonyoa, ulikuwa unaniambia nini nikilia?"

Baba yake alikizungusha kikombe juu ya sahani.

"Ulikuwa unasema ukuta haukatiwi rufaa. Sasa hii," akaigonga barua kwa kidole, "hii ni nini kama si rufaa?"

Katika maisha yake yote ya ualimu, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumshika Mwalimu Wekoye kwa sheria yake mwenyewe. Alihisi kitu kama aibu, na chini ya aibu, kwa mshangao wake, kitu kinachofanana na fahari. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama haikumuuma.

"Iliuma, bana," Edinah alisema, kisha akajirudi. "Iliniuma, Baba. Nilijifungia chooni nikalia dakika kumi. Nikanawa uso, ndiyo nikampigia simu kumwambia ametoka. Oktoba nitajaza tena. Shuka ninalo."

Alimrudishia bahasha na barua yake ndani.

Mwalimu hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alishuka Kamukuywa, akakatiza sokoni hadi kwa Nakhungu, ajuza aliyeuza maharagwe na simsim, na ambaye bado alikuwa mwepesi wa ulimi kuliko wa miguu. Kufika kwake hapo hakukuwa jambo geni. Kila mwaka baada ya mavuno alimletea magunia mawili ya mahindi, kama alivyofanya marehemu baba yake, mzee Mukhwana, kabla yake.

Kisa cha magunia hayo Mwalimu alikijua vyema, ingawa hakupenda kukisimulia. Mukhwana na Wakoli, mume wa Nakhungu, walikuwa vibarua wa shamba moja la mzungu, marafiki wa kugawana tumbaku. Mashamba yalipokatwa kuwapa wasio na ardhi, watu mia mbili walijitokeza kwa vipande sitini. Ofisa alivua kofia, akatia humo karatasi zilizokunjwa, sitini zenye namba na nyingine tupu, akawaambia wachote. Mukhwana alichota namba 31. Wakoli, aliyesimama mbele yake katika foleni, alichota karatasi nyeupe, akarudi Kamukuywa kwenye robo eka ya babu yake. Miaka thelathini na mitano Mwalimu alikuwa amewaambia wanafunzi wake kwamba baba yake alilipata shamba la Kiminini kwa jasho. Jasho lilikuwapo, na halikuwa kidogo. Ila lilikuja baada ya kofia, na kofia hakuitaja hata siku moja.

Aliketi juu ya gunia, akamweleza Nakhungu habari ya watoto wake. Kisha akamuuliza alichokuja kuuliza. Je, ile siku ya kofia, waliona wametendewa haki?

Nakhungu alipepeta maharagwe mara mbili kabla ya kujibu.

"Mwana wa Mukhwana, wewe umesoma mpaka umestaafu, ndiyo unakuja kuuliza mimi? Wakoli alikasirika mwaka mzima. Alisema ati ni mimi, ati asubuhi hiyo nilimwekea maji baridi ya kunawa, ndiyo mkono ukakufa bahati." Akacheka hadi ufizi ukaonekana. "Mpaka anaingia kaburini alikuwa akinidai maji ya moto."

"Lakini alikuwa mchapakazi kuliko baba yangu. Baba mwenyewe alisema hivyo."

"Alikuwa. Sasa?" Aliweka ungo chini. "Sikia. Yule nyapara wa mzungu angetugawia kwa kuchagua, shamba lingeenda kwa shemeji zake, na mimi mpaka leo nisingewasalimia. Lakini hii tulikosa mbele ya macho ya watu wote. Tungemchukia nani? Kofia?"

Mwalimu aliokota haragwe moja lililodondoka, akalirudisha kwenye ungo.

"Na baba yako hakula peke yake," Nakhungu alisema, akirudi kwenye maharagwe yake. "Hiyo nayo uiweke kwa hesabu. Bahati ni ya Mungu. Magunia yalikuwa ya Mukhwana. Sasa inuka, unakalia simsim ya watu."

Alipofika nyumbani, jua lilikuwa limeinamia upande wa Elgon. Alisimama mbele ya lango, akaitazama ile namba 31. Alikumbuka jinsi Nyongesa alivyolileta lango hilo kutoka Bungoma juu ya pikapu ya kukodi, akalisimamisha kwa siku mbili bila kuomba hata shilingi, na jinsi yeye baba yake alivyopima kwa timazi kutafuta upindaji asiupate. Siku ile alisema tu, "Limenyooka." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa namba. Haukuwa na hata ncha ya chuma ya kukwaruza ngozi.

Alimwambia Jelagat awaite watoto Jumamosi, na achinje jogoo.

"Yule mwekundu?" Jelagat aliuliza kwa tahadhari, maana jogoo mwekundu alikuwa akisubiri Krismasi.

"Yule mwekundu."

Walikuja wote wawili. Nyongesa alikuwa amevaa shati jipya kama mtu aendaye kusikiliza hukumu. Kabla ya chakula, Mwalimu aliwaketisha sebuleni, akafungua sanduku la bati kwa ufunguo wa mnyororo, akatoa cheti. Kisha akatoa mfukoni ile bahasha ya kaki. Akaichomoa barua, akaiweka juu ya meza, akaifuta anwani ya bahasha kwa mistari miwili iliyonyooka, akaandika juu yake jina kamili la mwanawe. Alikipangusa cheti kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi, akakitia humo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nimeandika barua ya kukunyima hii," alisema. "Dada yako aliisahihisha. Utaisoma siku utakapokuwa baba wa watoto wawili."

Nyongesa alipokea kwa mikono miwili pia. Alisema, "Asante, Baba," kama mtu aliyepewa maji. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, ile ambayo hakuwa ameishika tangu astaafu, akaandika chini ya barua yake mwenyewe: *Hoja zimepangwa vizuri. Mwandishi hakujibu swali. 8/20.* Aliitia sandukuni, akafunga. Edinah, aliyekuwa akichungulia juu ya bega lake, alisema nane ni nyingi mno.

Jogoo mwekundu aliletwa katika sinia, akifuka mvuke. Nyongesa aliinuka kwenda ukutani, kama ilivyokuwa zamu yake tangu utoto, lakini baba yake alimshika mkono.

"Leo nitasimama mimi," alisema. "Na firigisi itiwe mgaoni."

Jelagat alimtazama kana kwamba alikuwa amesema anahamia nyumba ya jirani. Firigisi ya mwenye nyumba katika mgao ilikuwa habari ya kupelekwa kanisani. Lakini Mwalimu alikuwa ameshageuka. Alisimama wima, visigino pamoja, mikono nyuma, uso ukiwa shubiri moja kutoka kwenye chokaa. Hakuwahi kusimama hapo tangu awe kapteni. Makapteni hukata, hawatazami ukuta. Aligundua kwamba ukuta ukiukaribia hivyo huna unachoweza kuona, na kwamba kuna namna ya amani katika kutokuona.

"Hiki cha nani?" Edinah aliuliza nyuma yake.

"Mama yenu."

"Hiki?"

"Changu."

"Na hiki?"

"Edinah."

Alitaja hivyo, jina baada ya jina, bila kufuata utaratibu, akisikia vijiko, na mara moja kicheko kilichobanwa. Kisha kijiko kikagonga ukingo wa sinia.

"Na hiki cha nani?"

"Nyongesa," Mwalimu alisema.

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Aligeuka, akamkuta Jelagat ameshika meza asianguke, na Edinah ameinua mikono juu kama anayeshtaki mbinguni.

"Ati huyu tena?" Edinah alisema. "Mungu, si uangalie pia upande huu?"

Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya Nyongesa. Kijana aliitazama kama mtu aliyekamatwa na mali ya umma. Akaisukuma sahani upande wa baba yake, akasema, Baba, chukua tu, hii ni yako. Mwalimu aliinua kidole, akauonyesha ukuta.

Basi Nyongesa alichukua kisu, akaikata firigisi katikati, kwa ule uangalifu wake wa kukata chuma, akaweka nusu kwenye sahani ya dada yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Edinah aliila mara moja, kabla mtu hajabadili nia.

Mwalimu Wekoye alivuta kiti chake akaketi. Kwenye sahani yake kulikuwa na shingo na bawa moja. Miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kula shingo ya kuku. Aliomba baraka, fupi kuliko kawaida yake, akaishika kwa vidole viwili akaanza kuitafuna polepole. Ilikuwa na nyama nyingi kuliko alivyodhani.